Akili Unde na Maradhi ya Ngozi: Picha, Maneno na Mgonjwa Anayezungumza Kiswahili

Ikisiri

Tangu mwaka 2017, mifumo ya akili unde inayotambua maradhi ya ngozi kwa kutazama picha imepiga hatua kubwa. Makala haya yanaeleza jinsi mifumo hiyo inavyofunzwa, mahali inapokosea inapokutana na ngozi nyeusi, na athari za makosa hayo katika tiba. Hoja inayotetewa ni kwamba uhaba wa picha za ngozi nyeusi, ambao umejadiliwa sana, ni sehemu tu ya tatizo. Sehemu nyingine ni ya lugha. Maneno yanayotumiwa kueleza ngozi iliyougua katika vipeperushi na programu za afya za Kiswahili yametafsiriwa kutoka lugha zilizoieleza ngozi nyeupe, ilhali Kiswahili chenyewe kina maneno yanayofaa zaidi. Mifano imetolewa katika majina ya rangi, majina ya maradhi na vitenzi vya maumivu.

1.0 Utangulizi

Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati daktari bingwa wa ngozi ni adimu. Daktari mmoja huhesabiwa kwa watu zaidi ya milioni, naye kwa kawaida huishi katika mji mkuu. Mwaka 1992 kilianzishwa mjini Moshi, Tanzania, kituo cha kanda cha mafunzo ya tiba ya ngozi katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu hapo kimewafunza matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika ili waende kuhudumu vijijini. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, lakini pengo lililopo ni kubwa kuliko uwezo wa kituo kimoja. Ndiyo maana wazo la simu inayoweza kupiga picha ya kidonda na kusema ni ugonjwa gani limepokewa kwa hamu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limetengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wahudumu wa afya kutambua maradhi ya ngozi yaliyosahauliwa katika nchi za joto, na programu hiyo imefanyiwa majaribio nchini Kenya.

Neno moja kuhusu istilahi. Wengine husema akili bandia, wengine akili mnemba. Makala haya yanatumia akili unde kwa kuwa neno unde linabeba dhana ya kitu kilichoundwa na mtu, na mtu huyo, pamoja na yale aliyoyaona na asiyoyaona, ndiye kiini cha mjadala huu.

2.0 Jinsi mashine inavyofundishwa kuitazama ngozi

Mashine haijui ngozi ni nini. Inachopokea ni picha iliyogawanywa katika pikseli, yaani vitone vidogo sana vya rangi, na kila kitone kimeandikwa kwa namba. Namba hizo hupitishwa katika mtandao wa neva bandia, ambao ni tabaka nyingi za mahesabu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila picha ya mafunzo huambatana na lebo iliyoandikwa na mtu: hii ni melanoma, hii ni ukurutu, hii ni choa. Mashine hukisia, hulinganisha kisio lake na lebo, kisha hurekebisha mahesabu yake kidogo. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi mno, huanza kukisia sawasawa hata kwa picha ambazo haijawahi kuziona. Jibu lake si uamuzi wa daktari, bali ni uwezekano: asilimia fulani ugonjwa huu, asilimia fulani ule.

Utafiti uliolifanya jambo hili lizungumzwe ulimwenguni ulichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature na kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watafiti hao walitumia picha 129,450 za maradhi 2,032, kisha wakaishindanisha mashine na madaktari bingwa wa ngozi 21 katika kutofautisha saratani na uvimbe usio na madhara. Mashine ilifanya vizuri sawa na madaktari hao.

Hata hivyo, mashine hujifunza chochote kinachoisaidia kukisia, kiwe kinahusu ugonjwa au la. Imebainika kwamba picha zenye rula pembeni zilielekea zaidi kuhukumiwa kuwa za saratani. Sababu ni kwamba madaktari huweka rula pale wanapokuwa na wasiwasi na kutaka kupima ukubwa wa uvimbe. Mashine ilikuwa imejifunza wasiwasi wa daktari pamoja na sura ya ugonjwa. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walionyesha jambo linalofanana na hilo: alama za kalamu ambazo madaktari wa upasuaji huchora kwenye ngozi ziliifanya mashine ione saratani mahali ambapo haikuwapo. Mifano hii miwili yafaa ikumbukwe na kila mtu anayeambiwa kwamba mashine haina upendeleo kwa sababu haina moyo.

3.0 Ngozi iliyokosekana

Mkusanyo mmoja wa picha uliotumiwa sana kufunzia mashine, uliotolewa mwaka 2018, una picha 10,015 zilizopigwa kwa lenzi maalumu ya kukuzia ngozi. Picha hizo zilitoka sehemu mbili: Vienna nchini Austria na Queensland nchini Australia. Wakazi wengi wa sehemu hizo ni weupe, na saratani ya ngozi inayotokana na jua ndiyo inayowasumbua madaktari wao. Mashine iliyolelewa hapo itajua vizuri sana kile ambacho mgonjwa wa Gitega au Mbarara hana, na haitajua chochote kuhusu kile alicho nacho.

Hata pale ugonjwa unapokuwa ni uleule, mahali pake hubadilika. Melanoma kwa watu weusi hutokea zaidi katika nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo hazina rangi nyingi. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mashine iliyofunzwa kwa picha za migongo na mikono haijapewa sababu ya kuangalia huko.

Vipimo vya rangi ya ngozi navyo vina historia yake. Kipimo kinachotumika zaidi kilibuniwa mwaka 1975 na Thomas Fitzpatrick, daktari wa Marekani, ili kukadiria kiasi cha mwanga ambacho mgonjwa angeweza kupewa kama tiba bila kuungua. Mwanzoni kilikuwa na madaraja manne tu, yote ya watu weupe. Madaraja ya tano na ya sita, ambayo ndiyo yanayopaswa kubeba karibu bara zima la Afrika, yaliongezwa baadaye. Mwaka 2021 watafiti walipokusanya picha 16,577 na kuzipanga kwa kipimo hicho, waligundua kwamba picha za madaraja mawili ya weupe zaidi zilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko zile za madaraja mawili ya weusi zaidi.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2022 kundi jingine la Stanford lilitoa mkusanyo wa picha 656 ambazo majibu yake yalithibitishwa kwa kipande cha ngozi kupimwa maabara, na ambazo zilichaguliwa makusudi ili ngozi za rangi mbalimbali ziwakilishwe. Mifumo iliyokuwa ikisifiwa ilishuka kiwango ilipopewa picha hizo, hasa za ngozi nyeusi. Lakini ilipofunzwa tena kwa sehemu ya picha hizohizo, pengo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe lilizibika. Kwa hiyo ngozi nyeusi si ngumu kusomeka kwa asili yake. Haijafundishwa tu.

Isidhaniwe kwamba binadamu wamesalimika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, madaktari zaidi ya 800 kutoka nchi 39 walionyeshwa picha za maradhi ya ngozi. Mabingwa walipata asilimia 38 na madaktari wa kawaida asilimia 19, na makundi yote mawili yalikuwa chini kwa pointi 4 yalipotazama ngozi nyeusi. Walipopewa msaada wa akili unde, wote waliimarika, lakini kwa madaktari wa kawaida pengo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe lilipanuka. Ugunduzi huu unagusa nchi zetu moja kwa moja. Atakayeshika simu hiyo katika zahanati si bingwa, bali ni tabibu au muuguzi, naye ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuifuata mashine inapopotoka.

Zipo jitihada za kurekebisha hali. Mwaka 2024 ulitolewa mkusanyo wa picha zaidi ya 4,000 za wagonjwa kutoka Tanzania, Malawi, Madagaska na Gine, unaohusu ukurutu, maradhi ya fangasi, upele na vidonda vya bakteria, maradhi ambayo ndiyo yanayowapeleka watoto wengi kliniki. Haya ndiyo maradhi yetu. Ni picha chache zikilinganishwa na zile 129,450, lakini ni mwanzo ulioanzia mahali panapostahili.

4.0 Wekundu na damu ya mzee

Hapa ndipo wanaisimu wanapoingia. Soma kipeperushi chochote cha afya cha Kiswahili kinachoeleza uvimbe wa ngozi, maambukizi au mzio. Utakuta sentensi ya aina hii: "ngozi huwa nyekundu." Sentensi hiyo ni Kiswahili sanifu kisicho na kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba haielezi ngozi ya msomaji. Damu inapojaa katika ngozi nyeupe, ngozi huwa nyekundu kweli. Katika ngozi nyeusi damu hiyohiyo huonekana kupitia rangi ya ngozi, na kinachoonekana ni zambarau, kahawia iliyokolea, kijivu cha majivu, au weusi uliozidi ule wa pembeni. Mama anayeambiwa atazame wekundu katika ngozi ya mwanawe atatazama, hatauona, na atajibu kwa uaminifu kwamba haupo. Programu itaandika: hakuna dalili ya uvimbe.

Tafsiri hapa imeingiza ngozi ya kigeni katika lugha. Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya rangi yaliyotokana na vitu vinavyoonekana: zambarau kutoka kwa tunda, kahawia kutoka kwa kahawa, kijivu kutoka kwa jivu. Ipo pia rangi iitwayo damu ya mzee, ambayo mafundi cherehani na wauza vitambaa wanaijua vizuri: nyekundu iliyozama, inayoelekea weusi. Sijapata kuliona neno hilo katika maandishi ya tiba. Lakini ndiyo rangi ambayo ngozi nyeusi huichukua mara nyingi inapovimba. Mfasiri aliyekuwa mezani na matini ya Kiingereza hakuihitaji. Tabibu aliyekuwa mbele ya mgonjwa angeihitaji.

Majina ya rangi ya watu yanahitaji uangalifu zaidi. Tunasema mweusi, mweupe, maji ya kunde. Maneno haya ni ya kulinganisha: anayeitwa mweupe katika familia moja huweza kuitwa maji ya kunde katika familia nyingine, na wageni huwashangaa Waswahili wanaomwita "mweupe" mtu wanayemwona mweusi. Kwa hiyo hayafai kuwa lebo za mashine bila kupimwa. Yanafaa, hata hivyo, katika swali, kwa sababu uhusiano wa rangi mbili ndio unaotafutwa: sehemu iliyobadilika imekuwaje ikilinganishwa na ngozi iliyo kando yake?

5.0 Maswali ambayo picha haiwezi kuyajibu

Picha haina hisi ya kugusa. Ukoma, ambao Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado zimo katika orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele na WHO katika kuutokomeza, huanza mara nyingi kwa baka lililofifia rangi kuliko ngozi ya jirani. Mabaka yaliyofifia yana sababu nyingi. Mba husababisha mabaka, mbalanga husababisha mabaka, hata ukavu wa ngozi za watoto husababisha mabaka. Kinacholitenga baka la ukoma ni ganzi: ukiligusa kwa ncha ya pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hasemi kitu. Mashine bora duniani ikitazama picha peke yake haitaiona ganzi hiyo. Na mgonjwa mwenyewe huenda asiiseme, kwa kuwa doa lisilowasha wala kuuma si doa la kupotezea nauli ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo mfumo wowote wa maana lazima uulize, na ukiuliza katika eneo letu utauliza kwa Kiswahili. Tazama kitenzi kuwasha. Upele unawasha, upupu unawasha, pilipili inawasha. Neno moja linabeba hisia inayomfanya mtu ajikune na hisia ya moto unaochoma. Kwa daktari hizo ni njia mbili tofauti. Upele wa kuambukizwa na wadudu humfanya mtu ajikune, hasa usiku. Mkanda wa jeshi huchoma na kuuma upande mmoja wa mwili, mara nyingi hata kabla ya malengelenge kutokea. Anayeuliza "Je, inawasha?" na kupokea "ndiyo" hajapata habari ya kutosha. Lakini lugha inayo njia: unajikuna, au inachoma, au inachonyota kama kidonda kilichotiwa chumvi?

Neno upele lenyewe ni mtego mkubwa zaidi. Kwa wengine ni jina la ugonjwa mmoja, ule unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Kwa wengine ni chochote kilichotoka juu ya ngozi, kuanzia joto hadi surua. Tarehe 14 Agosti 2024, WHO ilipotangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, baada ya aina mpya ya virusi kuenea kutoka Kivu Kusini hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, matangazo ya Kiswahili yaliwataka watu watoe taarifa wakiona "upele". Mtu aliyeishi na upele wa kuwasha kwa miezi angeelewa nini? Na aliyeziona dalili akadhani ni tetekuwanga, ugonjwa ambao hata wahudumu huuchanganya na mpox, angejiona anahusika? Ukitaka kufunza mashine kwa maelezo ya wagonjwa wa Bukavu au Bujumbura, ambako muuguzi amesoma kwa Kifaransa na anaandika kadi kwa Kifaransa huku mgonjwa akizungumza Kiswahili, lazima kwanza ujue upele gani unatajwa.

6.0 Kutoka utambuzi hadi tiba

Baadhi ya watu huona kwamba mashine ikishataja jina la ugonjwa, kazi imekwisha na dawa hujulikana. Mifano miwili inaonyesha kwamba sivyo.

Choa ya mwilini hutibika kwa dawa ya kupaka. Fangasi huyohuyo akiingia katika nywele za mtoto, dawa ya kupaka pekee haimwondoi, kwa kuwa amejificha katika shina la unywele; mtoto huhitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Kiswahili kimetenga hali hizi mbili tangu zamani. Ya mwilini ni choa, ya kichwani ni punye, na Wakenya wengi huiita mashilingi kwa kuwa vidoa vyake ni mviringo kama sarafu. Mfumo unaoziweka zote chini ya lebo moja ya fangasi, kisha kutafsiri lebo hiyo kwa neno moja la Kiswahili, unafuta tofauti ambayo mama alikuwa nayo mdomoni alipoingia mlangoni, na ambayo ndiyo inayoamua dawa.

Upele wa wadudu nao hautibiki kwa mtu mmoja. Wote wanaolala nyumba moja lazima watibiwe kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna, na nguo na matandiko yafuliwe. Mashine inayotoa jina la dawa bila kuuliza "mnalala wangapi?" itamwona mgonjwa huyo tena baada ya wiki chache, na itahesabu ziara yake kama mgonjwa mpya.

Tatizo la tatu ni gumu zaidi, na sidhani litatatuliwa na wahandisi peke yao. Watu wengi hufika kliniki ngozi ikiwa imekwisha kubadilishwa. Wamepaka krimu zenye steroidi zilizonunuliwa dukani, ambazo hupunguza mwasho kwa siku chache huku zikilisha fangasi na kuiharibu sura yake ya mviringo. Wengine wametumia mkorogo wa kujichubua, pengine wenye zebaki au haidrokwinoni. Picha ya ngozi hiyo ni picha ya ugonjwa na ya dawa kwa pamoja. Swali "umepaka nini?" ni muhimu kuliko picha, lakini anayeulizwa ana aibu, na jibu hutegemea jinsi alivyoulizwa. Muuguzi mwenye busara huuliza, "Mafuta gani unapaka, mama?" kisha akasubiri. Programu iliyotafsiriwa huuliza kama unatumia "bidhaa za kung'arisha ngozi", na hujibiwa hapana.

7.0 Kazi inayowangoja wanaisimu

Watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400, ndio wanaokabiliwa na saratani ya ngozi kwa wingi katika eneo letu, na wao hawamo wala katika picha za Vienna wala katika maelezo ya kawaida ya ngozi nyeusi. Nawataja hapa kwa sababu kazi ikianza upya isirudie kosa lilelile la kumsahau mtu kisha kumwongeza baadaye kama daraja la saba.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji kusikiliza. Malalamiko ya wagonjwa wa ngozi yarekodiwe kliniki, kwa ridhaa yao iliyoelezwa kwa Kiswahili wanachokielewa, kwa kuwa sheria za kulinda data binafsi za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022 zote zinawapa haki hiyo. Yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na lahaja zake, kwa maana Kiswahili cha Goma na cha Mombasa havitaji kidonda kwa njia moja. Kisha tabibu na mwanaisimu wakae pamoja na kuoanisha kila neno na kile kilichoonekana na kuthibitishwa. Kamusi itakayotokana na kazi hiyo itakuwa na maingizo kama upele 1 na upele 2, kuwasha kwa kujikuna na kuwasha kwa kuchoma, choa na punye, kila moja likiwa na picha zake za ngozi za rangi mbalimbali.

Wakati huohuo, programu zinazotumika sasa zinaweza kurekebishwa katika swali lao la kwanza bila kungoja kamusi. Badala ya "Je, ngozi imekuwa nyekundu?" mgonjwa aulizwe: "Mahali palipobadilika pamekuwa na rangi gani kuliko ngozi ya pembeni: pamefifia, pamezidi kuwa peusi, pana rangi ya zambarau, au ya damu ya mzee?" Kisha aombwe apaguse kwa mgongo wa mkono na aseme kama pana joto.